Karatasi ya Kufunga Aliyoiandika Ismay

Bottom House,
Kisiwa cha Providencia.
9 Juni 2014

Mpendwa Dada Ornetta,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko Colón, na wanao wazima? Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, na kaa weusi wanashuka baharini kwa wingi hata barabara inafungwa jioni.

Mjomba Lemuel amepasuliwa ngiri Jumanne iliyopita na anaendelea vizuri. Ila alikuwa apasuliwe mwezi wa nne. Aliyemchelewesha ni mimi.

Unajua karatasi za zahanati huja kwa Kihispania, na wazee wetu husoma Kiingereza. Nesi Yadira aliniomba nitafsiri ile ya kufunga kabla ya upasuaji, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea lugha Cartagena. Nikaandika neno kwa neno: "Mgonjwa adumu katika mfungo kwa saa nane kabla ya utaratibu." Niliiona nzuri sana.

Mjomba akaisoma, akafunga, akafika na chai ya maziwa tumboni. Daktari alikataa kumgusa, akapanda ndege akarudi bara.

"Lakini nimefunga," Mjomba akalalamika. "Kanisani tukifunga si tunakunywa chai, jamani?"

Akakaa na maumivu miezi miwili akimngoja daktari arudi.

Wakati huo ndipo Ismay, mdogo wetu, muuza mikate ya nazi ambaye hata sekondari hakumaliza, akashika kalamu: "Ukishakula cha jioni, basi. Usitie kitu mdomoni tena: si chai, si maziwa, si peremende, wala kipande cha mkate anachokupa mkeo kwa huruma. Njoo na njaa yako." Nesi alicheka, akaibandika ukutani siku ile ile. Yangu anaandikia namba za simu kwa nyuma.

Dada, niliumia. Mama anamsimulia kila mgeni. "Ismay ana kichwa," anasema, nami nipo hapo hapo naosha vyombo. Nimekwenda zahanati mara tatu kuitafutia kosa ile karatasi. Sikuliona, na hilo likanichoma zaidi.

Mara ya tatu, mzee Aldric Newball alisimama kando yangu akaisoma kwa sauti, anatabasamu.

"Hii ndiyo lugha ya nyumbani. Nani kaandika?"

"Mimi," nikasema.

Akanishika mkono, akaniombea baraka. Jumapili akasimama kanisani, akanishukuru kwa jina mbele ya watu wote. Ismay alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Alinisogezea kitabu cha nyimbo ili tusome pamoja, tukaimba.

Mpaka leo hajaniuliza. Angenigombeza ingekuwa rahisi, ningeomba radhi yakaisha. Nakuandikia wewe kwanza ili mdomo wangu uzoee kulisema. Kesho asubuhi anakanda unga, nitakwenda kumsaidia.

Nisalimie Shemeji Rupert, na Tessa na mdogo wake. Mungu awatunze nyote, na goti lako alipe nguvu.

Mdogo wako akupendaye,
Delcita