Sumaku Juu ya Rangi Mpya

Bibiche, mujukuu wangu,

Huku Mangobo tuko wazima. Tonton yako, mutoto wangu, amerudi toka Basoko na samaki.

Unauliza kwa nini ninakatalia fundi kupaka kamionete yetu, ile gari ndogo ya mizigo, rangi mbele sijaona chuma. Nilipokuwa kijana, fundi mumoja alimurudishia papa kamionete hiihii iking'aa kama mupya. Nikatosha sumaku ndani ya radio iliyokufa, nikaibandika kwenye mulango. Ikaanguka. Chini ya rangi kulikuwa mastiki tu, ile uji ya kuziba matundu ambayo sumaku haishiki, na kutu ikiendelea kula. Toka siku ile tunakwangua kwanza mpaka chuma cheupe, ndiyo tunapaka.

Bon. Barua yako inasema mara tatu kwamba huko Kinshasa yote iko muzuri. Sumaku yangu imeanguka. Kwangua, mama, halafu uniandikie tena.

Koko yako