Leso ya Pendo na Koti Liitwalo Smoking

Dada yangu Kadzo,

Shikamoo, japo najua utaniitikia ukisonya. Magoti yako je? Mimi huku Ufaransa kwa binti yangu Sidi ni mzima, ila baridi imenitafuna masikio, na pua sina hakika nayo.

Kile Kiingereza nilichokichuma kwa wageni nikiwabebea masanduku hotelini Nyali, huku kimenivua nguo. Wafaransa wameazima maneno yaleyale, wakayabadilishia kazi. "Baskets" si vikapu, ni raba za miguuni. "Pressing" ni duka la dobi. Naye Sidi akaniambia, "Baba, harusini kwa binti yangu Pendo utavaa smoking." Nikamjibu, "Mwanangu, sigara niliacha mamako akiwa hai!" Kumbe ni koti jeusi la sherehe. Nililivaa nikafanana na kunguru wa huko kwetu Bofu.

Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye ile leso, kanga ya marehemu mke wangu, uliyonifungia siku naondoka. Uliniapisha, mjukuu wetu asiingie kwenye ndoa akikanyaga ardhi tupu. Basi mlangoni pa ofisi ya kufungia ndoa nikaitandika. Mama wa bwana harusi, bibi mwungwana, akainama, akaiokota, akaikung'uta, akanirudishia akitabasamu. Alidhani imeniponyoka! Nikatandika tena. Akaokota tena! Watu watutazama, Pendo anakaribia, na Kifaransa sina.

Nikapaza sauti kwa Kiswahili, "Mama, iache! Hiyo ndiyo njia yake!"

Pendo akasikia. Akavua viatu, akasimama juu ya leso ya nyanyake, machozi yanamtoka. Halafu, dada, nikangoja shangwe. Hapana hata mwanamke mmoja wa kupiga kigelegele. Sidi mwenyewe, mama wa bibi harusi, analia tu. Nikakumbuka uani kwenu, mnavyopokezana mpaka kuku wanakimbia. Basi nikapiga mimi. Ndiyo, mwanamume mzima, mvi kichwani, ndani ya smoking! Kilikatika katikati, meno ya bandia yakataka kutoka, lakini kilisikika.

Nisalimie shemeji, mumeo, na mwanao fundi cherehani, na yule jirani muuza mahamri anayenisengenya. Ukishasomewa haya, toka uani upige vigelegele vya haki, virefu, mtaa mzima uulize kuna nini. Changu kilikuwa kimoja tu, na Pendo astahili zaidi.

Ni mimi mdogo wako asiyekua,
Karisa