Noémie Amekubali Kuwafundisha Madaktari

Kamina, tarehe 12 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Malachie,

Salamu kwako, kwa Mira na watoto huko Liège. Sisi tuko wazima kadiri Mungu alivyopenda. Mvua bado inapiga, na magoti yangu yanaitangaza mapema kuliko redio. Nawe je, kile kikohozi cha baridi kimekuacha?

Uliandika kwamba utakuja kufundisha magonjwa ya ubongo hapa, na safari hii hutaki kumaliza kozi nzima kwa juma moja la picha za ukutani, kama maprofesa wanaoshuka na ndege. Unataka wanafunzi wa udaktari wakae na mgonjwa, wamsikilize, wamguse. Ukamwomba Noémie, binti yangu, awe mgonjwa huyo, kwa ajili ya kifafa chake.

Nilikuwa tayari kukataa. Wazazi wakijua mwalimu wa watoto wao ana kifafa, darasa linabaki na madawati.

Lakini Jumapili alianguka kanisani katikati ya kwaya. Siri ikaisha pamoja na wimbo. Jessé, mwanafunzi wa udaktari aliyefaulu kozi hiyo ya ubongo vizuri sana, alikuwa karibu naye. Alirudi nyuma, akawazuia watu: “Bamama, musimuguse. Mate yake njo inapitisha ugonjwa.” Kozi aliiacha chuoni, kanisani alikuja na mafundisho ya nyanya yake. Nilimlaza mtoto ubavu peke yangu.

Jumatatu mkuu wa shule anakofundisha akamwambia Noémie apumzike kwanza. Mpaka lini, hakusema.

Nilidhani atalia. Akaniambia: “Papa, andikia papa mudogo, minyi nitaenda. Lakini hapana kulala ku kitanda banitazame. Minyi iko mwalimu, nitasimama ku tableau, na chaki ku mukono.”

Nikamuuliza, na ukianguka mbele yao?

“Njo vile batajifunza. Papa mudogo asikimbie kunishika. Abaachie banafunzi banishike kwanza.”

Jessé ameomba kukaa nyuma siku hiyo. Nimemjibu kwamba Noémie huwapanga wanafunzi mwenyewe, na wasumbufu huwaweka mbele.

Nakuomba neno moja tu: mwalike pia mkuu wake wa shule. Mwandikie kwa karatasi yenye muhuri wa huko, mihuri anaiheshimu. Akae pamoja nao, amwone mwalimu wake akifundisha.

Mama Mathilde na Zébédée wanakusalimu. Bwana akushike mkono njiani mpaka mlangoni petu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Éliézer