Maji ya Kusuuzia Kichupa

Tsukuba, mwishoni mwa Machi

Kaka yangu Tatsuhiko,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na magoti ya Mama yamepata nafuu sasa baridi ya huko milimani imelegea. Mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua unasoma umesimama jikoni, na ukishaanza hutakumbuka. Huku kwetu mierezi imeanza kumwaga chavua. Nusu ya mji imevaa barakoa, nusu nyingine inapiga chafya. Mimi ni mzima. Safari hii nikisema ni mzima, niamini.

Najua nimekaa kimya tangu vuli. Kadi niliyowatumia mwaka mpya ilikuwa na picha na maneno mawili tu, hata Mama akanipigia simu kuuliza kama nimevunjika mkono. Sikuwa na la kusema, kaka. Sasa ninalo, na ni jema, ila huwezi kulielewa nisipoanza na baya.

Kazi yangu unaijua juu juu. Mwili ukikutana na kitu usichokipenda, hutoa protini ndogo sana ambayo kazi yake ni kuita. Jina la ukoo wake ni kemokini. Ikiita, chembe fulani za damu huacha njia zao na kukimbilia palipoitiwa, na hapo ndipo uvimbe na mwasho huanza. Sisi tunawapa bakteria maagizo, wanatutengenezea protini hiyo, tunaisafisha na kuikausha mpaka inabaki unga kiduchu ambao huwezi hata kuuona ndani ya kichupa. Wanaochunguza mzio huitumia kutafuta namna ya kuuzuia ule mwito. Mama alipoelezwa alisema kumbe na mimi ni mpishi kama ninyi, ila chakula changu hakionekani na wateja wangu pia hawaonekani.

Basi vuli iliyopita Profesa Anzai aliniita ofisini kwake, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Nilipoona chai tu nikajua mambo yameharibika. Profesa ni mama asiye na makuu, lakini chai hamimini ovyo. Akasema kwa upole kwamba protini tuliyotengeneza mara ya kwanza ilikuwa dhaifu, na kama hii ya pili nayo itashindwa kuita, hataweza kuniweka kazini baada ya Machi. Mimi nikainama, nikamshukuru. Ndivyo tulivyolelewa, mtu anakuonyesha mlango nawe unamwambia asante.

Unajua chumba changu ni cha maabara. Kazi ikiisha na chumba kimeisha. Watu wengine wakikwama hurudi kwao, wakala bakuli la wali na supu wakasikitikiwa. Mimi kwetu ni duka la tambi za soba. Unga wa soba uko kwenye dari, kwenye mapazia, kwenye nywele zako, na ukiniingia puani koo langu hufunga. Na Shangazi aliyenilea kwa sababu hiyo ndiyo hivyo tena, tulishamzika. Nilikuwa nalala nikijiuliza Aprili nitalala wapi.

Kaka, majira yote ya baridi protini ile haikuita hata chembe moja. Kipimo chenyewe si kigumu, hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo tunavyoviita visima. Unaweka chembe za damu juu, protini chini, katikati kuna utando wenye vitundu. Chembe zikisikia mwito hupenya zishuke. Visima vingine unaviwekea kimiminika kitupu kisicho na protini, ili uone chembe zikiwa hazikuitwa zinafanyaje. Zangu hazikushuka popote. Nikaongeza protini. Kimya. Nikaongeza tena. Sagara, mwenzangu wa meza ya pili, alinicheka akasema mimi ni bwana harusi anayepiga kelele nje ya nyumba na bibi harusi ameshalala.

Huyu Sagara sijawahi kukuandikia habari zake. Ni mtoto wa hekalu. Amelelewa kwamba mtu akimaliza kula husuuza bakuli lake kwa chai, halafu chai ile anainywa, isipotee hata punje. Maabarani ni hivyo hivyo. Huyu bwana kutupa kitu ni kama unamkata kidole. Nimemtania mpaka nimechoka. Humwambii kitu.

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa mwezi huu nilifanya kipimo cha mwisho, Profesa akiwa amesimama nyuma yangu. Nikaangalia kwenye hadubini. Kwenye visima vyenye protini, hakuna chembe. Kwenye visima vitupu, kaka, zimejaa, zimebanana, zimeshuka kana kwamba kuna ngoma huko chini. Nilidhani nimegeuza sahani. Nikaigeuza, nikaangalia tena. Profesa akaniuliza polepole kama huwa ninalala.

Ndipo Sagara akapauka, akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa meza. Akasema yeye ndiye aliyejaza vile visima vitupu asubuhi. Kimiminika kilikuwa kimepungua kidogo, na pale mezani kulikuwa na kichupa cha protini ambacho nilishakimaliza, basi akakisuuza, akatumia maji ya kusuuzia. Alikiona ni kichupa kitupu. Aliona vibaya kumwaga. Akaomba radhi, kisha akaomba radhi ya kuomba radhi wakati tuna shughuli. Nilitaka kumrukia. Kwa mtu wa fani yetu hilo ni kosa la aibu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halifanyi. Afanye hivyo nani kama si mtoto wa hekalu?

Lakini Profesa hakumgombeza. Aliniuliza kichupa kilikuwa kimebaki na nini. Nikamwambia hakikuwa na kitu, labda masalia tu ya protini yaliyong'ang'ania kwenye kuta zake. Na nilipokuwa nikisema hivyo nikaelewa, naye akaelewa, tukatazamana. Kila mtu wa kazi hii anajua protini hii ikizidi, chembe huduwaa. Mwito ukitoka kila upande, hujui uende wapi, unabaki umesimama. Sisi tulijua, lakini kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa dhaifu, tuliapa na hii pia ni dhaifu, tukazidi kuimwaga. Kumbe ni kali kuliko tulivyowahi kutengeneza. Tukaipunguza mpaka ikabaki kidogo cha kutia aibu, tukarudia kipimo, na tukakirudia tena. Chembe zilishuka kila mara. Profesa aliketi akavua miwani akacheka, na mimi sijawahi kumwona akicheka kwa meno. Sagara alilia. Mimi nililia zaidi.

Zile chembe zilikuwa zangu, kaka. Damu ya wenye mzio ndiyo yenye chembe hizo kwa wingi, kwa hiyo huwa ninajitolea ya kwangu. Ndizo zilizotaka kuniua jikoni kwetu nilipokuwa na miaka saba. Nilizitazama zikikimbia, nikashangaa kwamba sina hasira nazo. Zinaitwa tu, zinaitika.

Hili linalofuata usimsomee Mama mpaka awe amekaa. Vuli ile, baada ya chai ya Profesa, nilipanda treni nikaja huko. Nilivaa barakoa mbili, nikasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa. Mvuke ulikuwa unatoka mlangoni. Nilikuona umejaa unga mpaka kwenye viwiko, unacheka na mteja. Nilitaka kukuita nikwambie sina pa kwenda. Ukainua kichwa, nami nikajificha nyuma ya mashine ya kuuzia vinywaji, kwa sababu ungekuja mbio na unga wako wote kunikumbatia, na nisingekuwa na moyo wa kukuzuia. Nikarudi stesheni. Ndiyo sababu sikuwaandikia.

Sasa yamepita. Profesa amenipa mkataba mrefu, na wiki iliyopita nimepanga nyumba, si chumba cha maabara. Ni ndogo, bafu lake linavuja, lakini ufunguo ni wangu. Tangu utoto wangu tunaonana kwenye mabenchi ya stesheni, tunakula kila mtu na kisanduku chake, tunaagana. Nimechoka na mabenchi. Funga duka siku mbili. Najua hujawahi, wateja hawatakufa. Nimewanunulia nguo mpya kuanzia soksi. Mkishuka treni, ingieni kwanza kwenye bafu la umma la hapo karibu, ogeni mpaka nywele, vaeni hizo mpya nitakazokuwa nimewaachia hapo, na zile za dukani mziache huko kwenye kabati. Kisha mje. Mkifika mlangoni semeni mmerudi, kama watu wanavyosema kwao, ili nami kwa mara ya kwanza niwaitikie karibuni nyumbani.

Nisalimie majirani wote wanaoniulizia. Mwambie Mama magoti yake asiyaonee huruma, ngazi za hapa ni chache.

Ni mimi mdogo wako, mwenye nyumba,

Chizuru