Mwanafunzi wa Ishirini

Mdogo wangu,

Hatujambo, hata paa la darasa limeacha kuvuja. Darasa langu la watu wazima limenusurika. Ofisa elimu alikuja mwezi uliopita akasema wanafunzi wasipofika ishirini, analifunga. Alihesabu kumi na tisa. Alikuwa ameshafungua kalamu, ndipo mama yetu akaingia na daftari kwapani, akasema, "Niandike na mimi."

Kumbe miaka yote ile ya kusingizia macho, hakujua a wala be, nami nimeshamnunulia miwani mara mbili. Nikaandika jina lake.

Jana alisoma mwenyewe bango la duka la dawa. Barua zako nimekuwa nikimsomea huku nikiruka habari za mumeo kukuhama. Mwambie mapema, maana kwa mwendo wake huu, hivi karibuni atazisoma bila mimi.

Dada yako,
mwalimu wa mama