Nafasi Yako Kwenye Mbaazi

Mtani wangu Yudith,

Ghala la mbaazi la Ihumwa limefunguliwa tena. Ningekupigia simu uache hata ugali jikoni, lakini ndiyo hivyo, umetangulia bila kuniaga, Mgogo mbishi wewe.

Siku ya kukuzika kule Buigiri nilitimiza utani wetu. Mimi Mnyamwezi wa Makole nilisimama mlangoni nikazuia jeneza, nikasema huendi popote mpaka uniachie mlenda wa mwaka mzima. Watu walicheka. Kaka yako akanipa kuku, ndipo nikapisha. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia peke yangu.

Unakumbuka wanunuzi wa nje walipoacha kuchukua mbaazi zetu? Wakulima waliwalisha mbuzi, na sisi wachambuaji tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri, wewe ukikaanga mihogo, mimi nikifua nguo za watu. Ulikuwa unasema, "Watarudi tu, na wao wanakula." Wamerudi kweli, Yudith. Malori yanapakia, na msimamizi amepiga simu: kila mtu aje na mwenzake kama zamani, mmoja apepete, mwingine achambue. Asiye na mwenzake abaki nyumbani.

Sasa mwenzangu si ni wewe? Nilikaa na ungo mapajani, sijui nimwambie nani.

Halafu akaja Perisi wako. Akaniamkia, akaomba nafasi yako. Iliniuma. Ulimsomesha chuo kwa vumbi la ghalani ili yeye asije akalimeza; ulitaka mwanao apate kazi ya ofisini, ya kukaa kwenye kiti. Tangu amalize anapeleka maombi ya kazi kila mahali, anarudi soli zimeisha. Nilimkatalia. Akasema, "Mama mdogo, wadogo zangu wale nini?"

Jumatatu nakwenda naye. Nimemshonea kitambaa cha kufunga puani. Ukikasirika nitukane, una haki, na mimi nakupenda hivyo hivyo.

Ila nakuahidi, maombi ataendelea kuandika, nitamsimamia mimi. Na siku akiitwa kazini, hata kama msimu umepamba moto, nitamtoa ghalani kwa mkono wangu, kisha nichukue ungo wangu nirudi nyumbani.

Pumzika, Yudith.

Zuhura