Intaneti ya Wasomaji

Ngagara, Bujumbura
11 Juni 2025

...na tena jana sikumaliza kukuambia, kwa sababu Bi Daphrose alianza kufunga madirisha, kwamba kitabu nilichokishika kilikuwa cha kilimo cha mihogo. Subiri, nimeanza bila salamu. Assalaam alaykum, Ilias wangu. Joto la Muscat halijakudhoofisha? Unakula? Mimi mzima, mama yako mzima, ila goti linamsumbua asubuhi.

Basi, hapa maktaba intaneti ni ya bure, lakini anayeitumia sharti awe na kitabu wazi mezani. Siku ya kwanza niliweka simu peke yake. Bi Daphrose, anayetunza maktaba, akanijia.

"Madamu, hii intaneti ni ya wasomaji, si ya wachumba."

"Mimi si mchumba, mimi ni mke."

"Basi mke asome."

Nikachomoa kitabu kilichokuwa karibu. Sasa najua magonjwa yote ya muhogo. Ukirudi tutalima.

Mabasi hayana mafuta, kwa hiyo natembea kutoka Ngagara mpaka mjini, na sichoki, natembea kama ninayekwenda kukupokea. Nawe hunicheleweshi. Nikiandika tu, unajibu kabla sijageuza ukurasa. Wanawake wengine wenye waume nje hungoja jibu mpaka kesho. Wangu ananingojea mlangoni. Hina ya harusi imebaki nchani mwa kucha zangu na sitaki kuzikata. Nikiiangalia nakumbuka ulivyonishika mkono mbele ya watu, ukitetemeka kuliko mimi.

Mke wako mpya kabisa,
Raihana


Muscat
12 Juni 2025

Waalaykum salaam mke wangu. Mimi mzima. Joto lipo, viyoyozi vinaharibika kila siku, kwa hiyo kazi haikosekani. Picha uliyoomba sina, kamera ya simu imekufa. Mama umkande goti kwa maji ya moto.

Raihana, usiwaambie watu mengi kuhusu mimi. Kazi bado ni changa. Tena usitembee kila siku kwenye hilo jua. Naona unakonda.

Mume wako,
Ilias


Ngagara
2 Julai 2025

Mume wangu kipenzi, salaam zangu zikukute umelala vizuri na umeamka na nguvu. Mama nimemkanda kama ulivyosema, anasema mkono wangu ni mwepesi. Amekuwa akiniita binti yake hata mbele ya wageni.

Jana ilikuwa sikukuu ya Uhuru na maktaba ilifungwa. Nikanunua megabaiti nikakuandikia kutoka nyumbani tangu asubuhi. Hakuna ujumbe hata mmoja uliofika. Nikasema labda huko kazini nao wamempa Ilias mapumziko kwa heshima ya Burundi. Leo maktaba imefunguliwa, nawe umejibu yote kwa mpigo.

Na wiki iliyopita umeme ulikatika humu tukiwa katikati ya mazungumzo. Mimi nilikuwa na megabaiti zangu, nikaendelea. Simu ilionyesha kwamba unaandika, mara ukanyamaza. Umeme uliporudi ndipo maneno yako yakaingia. Nikamwonyesha Bi Daphrose.

"Kwani huko Arabuni kuran ya umeme inaenda pamoja na yetu?"

"Ni mapenzi, Bi Daphrose."

"Mapenzi ya waya gani hayo, we mutoto?"

Tulicheka mpaka wanafunzi wakatugeukia. Lakini mimi niliamini, Ilias. Nilisema Mungu ametufunga kwa uzi mmoja, kwako kukizima na kwangu kunazima.

Baba yangu alisimama msikitini Ijumaa akasema mkwe wake ameshika kazi nzuri. Akina mama wawili wameniletea majina ya vijana wao uwatafutie nafasi. Nimewaambia wasihangaike, Ilias ana moyo.

Mke wako anayekuonea fahari,
Raihana


Muscat
3 Julai 2025

Salaam mke wangu. Mzima? Zamu za kazi zimebadilika, nitaandika mara chache. Mwambie baba asimwahidi mtu. Usinisubiri maktaba.

Mume wako,
Ilias


Ngagara
24 Julai 2025

Ilias, salaam. Sijui nikuulize afya ya wapi.

Ulinyamaza karibu wiki tatu, na mimi nikaja kila siku nikafungua kile kitabu. Juzi ukaandika. Nikafurahi mpaka nikalia. Umeme ukakatika, nawe ukakatika. Safari hii sikucheka. Umeme uliporudi nikaenda kwa Bi Daphrose, nikamwomba azime kile kisanduku cha intaneti kidogo tu. Hakuniuliza sababu.

"Nazima. Angalia simu yako."

Mimi nilikuwa na megabaiti zangu. Ulikuwa unaniandikia kuhusu upepo wa baharini huko Muscat. Ukapotea. Akawasha, ukarudi na upepo wako. Akazima tena, ukapotea tena. Mara ya tatu alikataa. Alinishika bega akasema, "Mutoto wangu, ukutani nyuma, kwa wale wanaoziba matairi, intaneti yetu inafika. Watu wanakaaga pale."

Nilizunguka. Ulikuwa umekaa juu ya tairi, mgongo kwangu, na lile shati nililokununulia la kusafiria. Umelikunja mikono. Nilisimama karibu kiasi cha kuona kola imechakaa. Ulikuwa unaandika, na simu yangu ikatetemeka mkononi mwangu.

Sikukuita. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikampikia mama yako.

Niambie mwenyewe.

Raihana


Carama
6 Agosti 2025

Assalaam alaykum Raihana. Naandika kwa karatasi, Jimmy atakuletea. Ni rafiki yangu, ndiye aliyenipa chumba huku Carama, hapa hapa Bujumbura. Afya ninayo. Sipendi hata kuiandika.

Sikufika Muscat. Wakala wa kazi za nje alitufikisha Dar es Salaam, akatuambia ndege ni kesho, pasipoti zetu anazo yeye. Usiku ule Dar es Salaam nilikuandikia kwamba nimefika, ili mama alale. Niliona ni uongo wa siku moja tu. Kesho yake wakala hakuonekana, na simu yake haikupatikana tena. Nililala msikitini, nikabeba mizigo ya watu, nikarudi kupitia Kigoma.

Niliposhuka Bujumbura nilitaka kuja moja kwa moja nyumbani. Nilifungua simu pale kwenye ukuta wa maktaba, kwa sababu neno la siri la intaneti yao nililijua tangu zamani. Nikakuta umeandika kwamba mtaa mzima umenisomea dua ya kufika salama, na mama amechinja kuku. Nikasema nitakuja kesho. Kesho yake ukaandika ukiwa na furaha zaidi. Kila barua yako ilifanya mlango wa nyumbani uwe mzito. Furaha yako ilinizuia, Raihana.

Siku moja ulipita karibu yangu, unasoma simu na kucheka peke yako. Nilikuwa nimekuandikia utani kuhusu mihogo. Niligeuza uso ukutani. Nilisikia ndala zako mpaka kona.

Kama unataka talaka sitakukatalia. Nitaiandika, Jimmy atakuletea.

Mume wako, kama bado,
Ilias


Ngagara
18 Agosti 2025

Waalaykum salaam, Ilias. Jimmy aliniletea barua yako, hakuweza kunitazama. Nilikaa nayo siku nyingi. Mama yako ni mzima. Kila swala anakuombea usalama wa nchi za watu, na mimi niliyekaa nyuma yake naitikia amina huku nikijua uko Carama. Hilo ndilo linaloniua. Umenifanya niongope nikiwa juu ya mswala.

Silii kwa ajili ya Muscat. Sikuolewa na Muscat. Nilimwoa fundi aliyetetemeka mkono, kama ni halali mwanamke kusema hivyo. Ungekuja bila viatu, na mtaa mzima ukicheka, ningekupashia maji ya kuoga na kuwafungia mlango. Lakini wewe ulinitazama nikipita na kunihurumia, kama mtu anavyomtazama mwendawazimu anayecheka barabarani.

Unasema furaha yangu ilikuzuia. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Furaha ile ilikuwa yako, Ilias. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpa. Sasa nikikumbuka neno lolote tamu uliloniandikia, najiuliza kama ulikuwa unaona uso wangu ulipokuwa unaliandika, na nashindwa kujua kama hilo lingenifariji au lingenimaliza.

Maktaba sijarudi. Baba sijamwambia, wala wale akina mama. Wakiniuliza nasema kazi ni nyingi, kwa hiyo nami nimeanza kujifunza kuongopa, na nimeona jinsi ilivyo rahisi.

Talaka usinitumie kwa Jimmy. Neno hilo nitalisikia kwa mdomo wako au sitalipokea. Nataka kuuona uso wako ukiniambia jambo moja la kweli, hata liwe dogo, hata liwe ulikula nini jana. Baada ya hapo nitajua kama tunarudi Ngagara wawili au narudi mmoja. Leo sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Usimtume mtu kunipokea. Usinipikie. Nitakuja huko Carama mchana, kwa njia kubwa, wanaotaka kuangalia waangalie. Uwepo tu, umeelekea mlangoni. Kabla mwezi huu haujaisha, nitakuja.

Mke wako bado,
Raihana